Nimekodi seva ya Minecraft yenye modi, nikaambiwa "sio saizi yako"

Nimesubiri siku kadhaa ili niandike nikiwa nimetulia, lakini kila nikikumbuka lile jibu hasira inapanda upya.

Mdogo wangu na wenzake wa mtaani walichanga hela zao za likizo tupate seva (kompyuta ya kukodi ya kuchezea pamoja mtandaoni) yetu ya mchezo wa Minecraft, toleo 1.20.1, yenye modi, yaani nyongeza za mchezo, za Forge, programu inayoziendesha. Kazi ya kuiwasha nikaachiwa mimi. Nikachukua kifurushi cha GB 8 za RAM (kumbukumbu ya kompyuta) kwa kampuni moja ya hapahapa Dar, kwa sababu wanajinadi kwamba wana msaada kwa Kiswahili usiku na mchana.

Mashine yao, nisiwaonee, ni nzuri. Balaa liko kwenye paneli yao, ukurasa wa kuendeshea seva, kwenye kile kisanduku cha amri ya kuwashia. Ukurasa wao wa maelekezo unasema andika java -Xmx8G -jar forge.jar nogui, basi; yaani Java, programu inayouendesha mchezo, ifungue faili la forge.jar. Nikaandika hivyohivyo. Konsoli, dirisha la ujumbe wa seva, ikagoma, eti faili halifikiki. Nikapekua folda zote, forge.jar hakuna! Na isingekuwepo: kuanzia Minecraft 1.17 hadi toleo letu hili, kisakinishi cha Forge kinakupa run.sh (faili lenye mstari wa kuwashia), user_jvm_args.txt (faili la mipangilio ya Java) na folda ya libraries. Ile jar moja ya kuwashia ni mambo ya 1.16 kurudi nyuma. Halafu kifurushi wanakiuza kwa maneno "tayari kwa modi".

Nikafungua chati. "Habari kaka, naomba maelezo ya amri za kuwashia seva ya Forge." Dakika arobaini kimya. Jibu la mhudumu: "Yako kwenye tovuti." Nikamwambia nimeyasoma, yamepitwa na wakati, nikamtumia na picha. Akaandika: "Ndugu, kama Java huijui, seva ya modi sio saizi yako." Akafunga mazungumzo. Watoto wanne wamenizunguka, wananiuliza, "Kaka, imewaka?"

Usiku nikalifungua lile user_jvm_args.txt lenyewe. Kumbe maelezo yamo humo humo, kwenye mistari inayoanza na alama ya #! Xmx ni kikomo cha juu cha RAM, Xms cha chini, namba inafuatwa na M au G, na GB 4 ni kianzio kizuri kwa seva ya modi. Unafuta tu # kwenye mstari wa mwisho. Maneno machache, yameeleweka. Aliyeyaandika Mungu ambariki.

Nikahamishia ule mstari wa run.sh kwenye kisanduku. Java ikalalamika haioni klasi kuu (programu ya kuanzia) iitwayo @user_jvm_args.txt. Hapo nilihangaika karibu saa nzima. Sababu: paneli yao inaanza na Java 8, wakati kusoma amri kutoka kwenye faili kwa alama ya @ kulikuja na Java 9, na Minecraft 1.20.1 yenyewe inataka 17. Nikabadili Java kuwa 17. Seva ikawaka, ikauawa katikati ya kutengeneza dunia ya mchezo. Nilikuwa nimeweka Xmx 8G kama wanavyoelekeza wao, kumbe Java inahitaji kumbukumbu nyingine nje ya hiyo, na paneli inaua chochote kinachovuka kifurushi. Nikashusha hadi 6G. Saa nane usiku ikawaka moja kwa moja.

Nilipanga kuwapa nyota tatu. Tangu siku ile seva haijakwama, hata watoto sita wakiwa ndani kwa pamoja, na kwa bei ile labda hata tatu na nusu wanastahili. Lakini niliandika maelekezo sahihi kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, nikawatumia bure ili mwingine asiteseke. Hata asante hakuna. Asubuhi hii nimeufungua ukurasa wao, forge.jar bado imekaa palepale.

Basi nyota moja. Kifurushi kikiisha tunahama; dogo ameshapakua nakala ya dunia yao.