Vesti ya eabegi ya pikipiki: inafaa barabara zetu za Uganda ama ni ya watu wa mashindano tu?

Haya ndugu zangu, karibuni tena, leo kwa meza tuko na hii kitu mmekuwa mkiniuliza sana, vesti ya eabegi, yaani vesti yenye mfuko unaojaa upepo ukianguka. Ukiiona kwa mbali utasema ni rifleketa ya kawaida ya mtu wa boda, zipu mbele, mistari ya kung'aa, basi. Lakini ishike, ni nzito, hapa mgongoni kuna kibao kigumu, na hapa mbele, ngoja nisogeze kamera, hapa, mnaona hiki kichupa cha chuma? Hicho ndio mambo yote. Ndani kuna gesi ya kaboni dayoksaidi, ile ile inayotiwa kwa soda, imeshindiliwa humo, na ukirushwa kutoka kwa pikipiki kichupa kinatobolewa, vesti inajaa upepo kuanzia shingo, kifua, mbavu, mgongo mpaka huku chini karibu na kiuno kabla hujafika kwa lami. Hiyo ndiyo ahadi yao. Sasa ahadi imeandikiwa barabara za Ulaya, sisi tuko na Northern Bypass ya Kampala na murram, barabara za udongo, za huko kwetu, kwa hiyo tuiangalie vizuri.

Niseme mapema, hii nimeazima, hakuna mtu amenilipa, na jina la kampuni nimelibandikia utepe kwa sababu leo sichambui kampuni, nachambua aina.

Aina ziko mbili. Hii ya kwanza ni ya kamba. Helite ya Wafaransa iko hivi, Hit-Air ya Wajapani pia iko hivi. Haina betri, haina simu, hakuna cha kuchaji. Kuna mkanda unafungwa kwa fremu pale chini ya kiti, kutoka kwa huo mkanda inakuja kamba, inapita hapa kati ya mapaja, halafu klipu yake unaiunga mbele ya vesti. Ukitengana na pikipiki kwa nguvu kamba inachomoa hiki kigololi cha chuma, kigololi kikitoka springi inaachiliwa, springi inasukuma sindano na sindano inatoboa kichupa. Kwisha. Na nguvu inayotakiwa si ya mchezo, inakaribia kilo 30, kwa hiyo wale mnaoogopa ati utaingia shimo pale Kalerwe vesti ilipuke abiria aruke, hapana, shimo haliwezi, tuta haliwezi, hata ukisimama kwa pedali ukipita murram mbaya haiwezi, mradi kamba umeipima ikuachie nafasi ya kusimama.

Tuilipue basi. Nimekaa kwa Boxer, hii pikipiki yetu ya boda, imesimama kwa stendi, kaka yangu ataivuta kamba kwa mikono miwili. Moja, mbili…

PAA! Ah! Yesu wangu. Mmesikia? Mbwa wa jirani wote wameamka. Sawa, sasa niko hivi, nimebanwa kweli kweli, shingo siwezi kugeuza, tazameni helmeti, nikiisukuma nyuma haiendi, imegota kwa huu mto wa shingoni. Na hiyo ndiyo kazi yake kubwa ambayo watu hawaijui, si kifua tu, inazuia kichwa kisipinde nyuma mpaka shingo ivunjike. Kupumua napumua, ila pumzi fupi fupi. Kichupa usikishike na mkono mtupu, kimeingia baridi kali mara moja. Na sasa inaanza kulegea yenyewe polepole, sijafungua kitu.

Kuirudisha kazini: unafungua kichupa kilichotumika, springi unairudisha ndani kwa aleni-ki, kile kifunguo cha pembe sita, unaweka kigololi mahali pake, unafunga kichupa kipya. Fundi yeyote wa Kisekka, soko la spea pale Kampala, anaiweza, hata wewe mwenyewe nyumbani. Jambo moja tu, kichupa kipya kipime kwa mizani ya dijitali, uzito wake wameuandika hapa ubavuni. Kikipungua gramu ujue gesi ilitoka, na mtu anayekuuzia kichupa kwa bei ya huruma mwambie akipime mbele yako.

Aina ya pili ni ya umeme. Hii hamna kamba. Ndani kuna vipimo vya mwendo, kompyuta ndogo na betri, zingine zina GPS, inasoma mwili wako mara nyingi sana kwa sekunde na ikiona unaanguka inaamua yenyewe. Alpinestars wanaitengeneza, Dainese wa Italia wanaitengeneza, na kuna Wafaransa wa In&motion ambao kisanduku chao kinaingia kwa vesti za kampuni nyingi. Hizi ndizo mnaona kwa MotoGP, yale mashindano makubwa ya pikipiki ya dunia, na kule tangu 2018 mwendeshaji haingii mbio bila eabegi, ni sheria.

Ni nzuri kuliko ya kamba? Kwa kasi ya kujaa, ndiyo, tusidanganyane. Piga hesabu na mimi. Unaenda kilomita 50 kwa saa, hiyo ni karibu mita 14 kila sekunde. Vesti ya kamba inajaa kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa hiyo mpaka ijae umesafiri mita moja na nusu hivi, na hapo bado sijahesabu ile kamba kwanza inyooke. Sasa kuna ile ajali yetu ya kila siku, taksi inakatiza mbele kuchukua abiria bila kuangalia kioo, unaigonga mlangoni, kutoka kwa kiti chako mpaka huo mlango kuna nafasi gani? Kidogo sana. Hapo vesti ya kamba inaweza kuchelewa, itakusaidia ukianguka chini baadaye lakini ule mgongano wa kwanza wa kifua umeshapita. Ya umeme inasikia mgongano wenyewe, haingoji utoke kwa kiti. Na tena ukiteleza kwa matope, wewe na pikipiki mkaenda pamoja mkiburuzika, kamba haivutiki, vesti inabaki kimya. Ya umeme inajua umelala. Lakini ukirushwa juu ya hendeli, ukigongwa na gari nyuma ukaruka, hapo ya kamba inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Sasa mbona mimi sipendekezi ya umeme kwa Uganda? Sikiliza. Moja, zipo ambazo zikishalipuka lazima zirudi kwa kituo chao cha huduma, huko Ulaya, wewe uko Mbale, utaituma na nani? Halafu kuna mambo ya malipo ya kila mwezi. Klim wa Marekani walitoa vesti yao 2021 ikiwa na kisanduku cha In&motion, na mpango mmojawapo wa malipo ulikuwa dola 12 kwa mwezi, usipolipa wanakupa siku 30, baada ya hapo kisanduku hakiwashi eabegi. Watu kule walipiga kelele sana, na kulikuwa pia na njia ya kulipa mara moja dola 400 yaishe, lakini fikiria wewe mwenyewe, wiki mbaya, ada ya shule, mkopo wa pikipiki, halafu ukumbuke na kulipia vesti. Hapana. Mimi kitu cha kuokoa maisha yangu sitaki kiulize kama nimelipa.

Tuje kwa namba kidogo, msikimbie. Kinga ya mgongo ya kawaida, kile kibao cha povu gumu, kiwango cha Ulaya kinaitwa EN 1621-2. Ya daraja la kwanza inaruhusu nguvu ya wastani ya kilonewtoni 18, hicho ni kipimo cha nguvu ya pigo, ipite mpaka mwilini, daraja la pili 9. Eabegi ina kiwango chake, EN 1621-4, daraja la kwanza ni 4.5 na la pili 2.5. Yaani hata ile eabegi ya chini kabisa inaruhusiwa kupitisha nusu tu ya kinachoruhusiwa kwa kinga ya povu ya daraja la pili. Hapo ndio nikaelewa kwa nini bei iko hivyo. Na hiyo namba, EN 1621-4, itafute ndani ya vesti, kwa lebo iliyoshonwa. Huku mtandaoni zimejaa za bei rahisi zina picha nzuri na neno CE kubwa, ile alama ya viwango vya Ulaya, ukigeuza ndani hakuna namba yoyote, achana nayo.

Sasa maisha yetu. Mtu wa boda anashuka na kupanda kutwa nzima, anashuka kusaidia abiria na mzigo, anashuka kununua rolex, ile chapati ya mayai, anashuka kukojoa, na kila mara kuunga, kufungua, kuunga, kufungua. Ukisahau kufungua si balaa, ukitembea pole utasikia umevutwa tu, lakini ukiruka kwa haraka unamkimbilia abiria ambaye hajalipa, PAA, laki moja na kitu ya kichupa imeenda na abiria naye ameenda. Ukisahau kuunga ni mbaya zaidi, umevaa koti zito la bure. Nilimpa jamaa mmoja wa steji ya hapa Ntinda ajaribu, kwa abiria wa kwanza aliunga vizuri, kwa wa pili akaangalia ile klipu, akaniangalia mimi, akaenda nayo inaning'inia.

Na kuna ile tabia yetu ya asubuhi ya kuvaa jaketi kubwa mbele-nyuma kukinga baridi. Vesti ya kamba inavaliwa juu ya nguo zote, ukiweka jaketi la kubana juu yake inakosa pa kujaa na itakubana wewe mbavu. Hata begi la mgongoni lenye mikanda ya kifuani, hapana. Jaketi la mvua livae ndani, vesti juu, ilowe tu, haina umeme wa kuharibika.

Bei. Nzuri za kamba kule Ulaya ziko kati ya euro 400 na 700, euro moja ni kama elfu nne na kitu ya kwetu, ongeza usafiri, ongeza ushuru wa URA, mamlaka yetu ya kodi, na VAT asilimia 18, unafika kama nusu ya bei ya Boxer mpya ama kupita. Kwa hiyo kama wewe ni wa boda na bado unavaa helmeti ile ya plastiki iliyopasuka, mkanda umefungwa na waya, usiniulize habari ya eabegi. Wanaofikishwa hospitali ya Mulago kutoka kwa boda wengi wameumia miguu na kichwa, na hii kitu haigusi mguu wala haigusi fuvu. Helmeti nzuri, Cochrane, wale watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walikusanya tafiti mwaka 2008 wakakuta inapunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 na vifo kwa 42. Anza hapo, halafu buti, halafu kibao cha mgongo, ndio uje huku.

Lakini kama unaendesha yako mwenyewe, unatoka Kampala kwenda Mbarara ama Gulu kila mwezi, unapanda asubuhi unashuka mchana, nunua ya kamba na vichupa viwili vya akiba, pesa yako haijapotea. Vichupa agiza pamoja na vesti, maana kuvipakia kwa ndege kuna masharti, mtu anayekuletea aulize shirika la ndege kwanza wasimnyang'anye kwa ukaguzi. Na mabosi wenye vijana wa kupeleka vyakula na vifurushi, nyinyi ndio nawatazama kabisa, kijana wako hana abiria, anabeba boksi, pikipiki ni yako, faida ni yako, vesti pia inaweza kuwa yako.

Swali la mwisho, mama mmoja ameuliza kama dereva akivaa hii, mtoto aliyekaa mbele kwa tenki naye atakingwa. Nyabo, mama yangu, hapana, ni kinyume. Vesti inajaa kwenda mbele pia, na mbele ya dereva hapo kuna mtoto, na mbele ya mtoto kuna hendeli. Zipo vesti za saizi ya watoto na kamba yao wenyewe, lakini lazima akae nyuma, miguu ifike kwa pedali na aweze kushika. Akiwa bado mdogo wa kukaa kwa tenki, mpande taksi.