Mashine ya kukatia majani ilijazwa dizeli: uzoefu wangu na fundi wa kuja nyumbani

Nampa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja iliyopungua nitaieleza huko mbele, maana kazi yenyewe aliifanya vizuri.

Mashine ni ile ya kusukuma, yenye magurudumu manne, injini ya Honda GXV160 (cc 163). Inakunywa petroli tupu. Haichanganywi oili kama zile ndogo za kuvaa begani. Oili yake ina mahali pake pa peke yake. Nipo Arusha, na mwezi wa nne hapa nyasi haziulizi, ukilala wiki moja umeshapoteza njia ya kwenda bombani. Kijana anayetusaidia bustanini alitumwa mafuta, akakuta foleni sheli, akaamua kununua kwenye kibanda cha barabarani yanapouzwa kwa chupa. Alichopewa kilikuwa dizeli. Akajaza tangi, akaendelea na kazi.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mashine haigomi palepale. Yetu iliwaka, ikakata kipande kizuri tu cha uwanja, kwa sababu ndani ya bakuli la kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) na kwenye mpira wa mafuta kulikuwa bado na petroli ya zamani. Ilipoisha hiyo, ikaanza kukohoa, ikatoa moshi mweupe mzito, ikazima. Kijana akaivuta kamba mpaka bega likamuuma. Hilo la kuvuta sana ndilo lililoongeza gharama, nitalifikia.

Fundi wa kwanza, jirani yetu wa mtaani, aliigusa kidogo akasema kabureta imekufa, nitafute mpya. Hakufungua hata kifuniko cha tangi. Nikamshukuru, nikampa ya soda.

Huyu wa pili nilielekezwa na shemeji yangu. Kazi yake ni jenereta na mashine za bustani, anakuja na pikipiki na begi la spana mgongoni. Alisalimia, akaiangalia, akasema, "Mama, kabla hatujanunua kitu chochote, tunuse kwanza." Akachovya kijiti ndani ya tangi, akadondoshea tone kwenye kipande cha karatasi na kukianika juani. Petroli safi ingekauka na kupotea. Ile ikaacha doa la mafuta kama karatasi ya kufungia maandazi. Nilimpenda hapohapo, kwa sababu alinionyesha badala ya kunitajia tu.

Nikamuuliza kama injini imekufa. Akasema hapana, na akaeleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Dizeli haigeuki mvuke kirahisi ikiwa baridi, kwa hiyo cheche ya plagi inakuta majimaji badala ya hewa yenye mafuta, na plagi inalowa. Lakini dizeli yenyewe ina ulaini wa kulainisha chuma, haili vyuma vya ndani. "Afadhali dizeli kwenye mashine ya petroli kuliko petroli kwenye gari la dizeli," alisema, kwa kuwa pampu ya dizeli inategemea mafuta hayohayo kuilainisha, na petroli inaiacha ikisagana kavu. Jirani mmoja aliyekuja kushangaa akashauri tuongezee tu petroli juu ichanganyike. Fundi akakataa: tangi lilikuwa karibu lote dizeli, ungeongezea wapi?

Kazi ilienda hivi. Kwanza alichomoa waya wa plagi akauweka mbali, ili blade isije ikazunguka mkono ukiwa karibu. Akafunga koki, akatoa mpira wa mafuta, akamwaga tangi lote kwenye dumu. Akalisuuza kwa petroli kidogo, akamwaga tena. Kisha akafungua bakuli la kabureta, akatoa jeti, kile kipande chenye katundu kadogo ka kupitishia mafuta, akaipuliza na kuiangalia kwenye mwanga mpaka akaona tundu lake. Akatoa plagi, ikawa imelowa na nyeusi. Kabla ya kuweka nyingine akavuta kamba taratibu plagi ikiwa nje, na dizeli ikarushwa kutoka tunduni. Simama pembeni hapo, mimi nilichafua kanga.

Halafu likaja jambo ambalo fundi mvivu angeliruka. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akanipa ninuse. Oili ilikuwa imepanda kupita alama ya juu, nyepesi, na inanuka dizeli. Kule kuvuta kamba kusikoisha kulikuwa kumesukuma dizeli isiyoungua ipite kwenye ringi za pistoni hadi chini. Ukiwasha na oili ya namna hiyo, mashine itanguruma vizuri huku inajiua. Akamwaga yote. Na alipoilaza mashine alihakikisha upande wa kabureta na chujio la hewa uko juu. Ukiilaza kinyume, oili inaingia kwenye chujio na unajitafutia ugonjwa mwingine. Oili mpya ilikuwa 10W-30, na haikufika lita moja. Plagi mpya ya NGK, uwazi wa pale cheche inaporukia akaupima milimita 0.7 hadi 0.8.

Ikawaka. Ilitoa moshi kwa muda, nikaanza kuingiwa na wasiwasi, akasema ni mabaki yaliyomo kwenye ekzosi, tuiache nje ijisafishe. Kweli ulipotea, na tangu siku hiyo inakata kama kawaida, hata nguvu haijapungua.

Kuhusu yale mafuta yaliyomwagwa: jirani yuleyule aliyaomba kwa ajili ya jiko la mafuta ya taa. Fundi aling'aka kabisa. Tangi lilishasuuzwa kwa petroli, na petroli hata kidogo ndani ya jiko la utambi inaweza kulipuka. Akalifunga dumu akaondoka nalo, anasema anaoshea spea. Sikuwa na ubishi.

Bei: ufundi shilingi 40,000, plagi na oili nililipa pembeni kwa bei ya dukani. Ukilinganisha na kabureta mpya niliyoambiwa ninunue bila sababu, naona ni haki. Kuna watu watasema ni ghali kwa kusafisha tu, lakini huyu alikuja mpaka mlangoni na mashine haikupakiwa kwenye bajaji.

Sasa ile nyota. Alikuja bila mpira wa bakuli la kabureta, ule wa kuzuia mafuta yasivuje, akarudisha uleule wa zamani uliokwisha kuvimba. Kesho yake nikakuta petroli inadondoka chini ya mashine, na stoo nzima inanuka. Alirudi nilipompigia, akaweka mpya, ufundi hakudai, ila mafuta ya pikipiki ya kuja mara ya pili nililipa mimi. Hapo sikufurahi, na nilimwambia. Risiti pia hana, anaandika kwenye karatasi ya daftari. Ukimwita fundi wa aina hii, mtajie aina ya injini kwenye simu ili aje na mpira wake kabisa.