Nakala za sarafu za meli za hazina za Hispania: ipi ununue

Nakala ninayoiweka juu ya zote ni reale nane, sarafu kubwa ya fedha ya Hispania ya zamani, iliyopigwa kwa mhuri na nyundo, yenye uzito wa gramu 27 hivi, na neno COPY (yaani nakala) limegongwa juu yake waziwazi.

Wanunuzi wengi hukimbilia ile ya duara safi inayong'aa. Sarafu nyingi zilizozama na msafara wa meli hizo wa 1715 pwani ya Florida, katika kimbunga cha usiku wa kuamkia Julai 31, hazikuwa duara. Mafundi wa Mexico City, Lima na Potosí, miji ya makoloni ya Hispania, walikata vipande vya fedha, wakavipunguza kingo hadi uzito utimie, kisha wakavigonga kati ya mihuri miwili. Uzito ndio uliokuwa sheria; umbo lilitoka lilivyotoka. Ndiyo maana mara nyingi tarakimu za mwaka ziliishia nje ya ukingo na msalaba ukakaa upande. Fundi wa leo akifuata njia hiyohiyo, kila nakala hutoka na sura yake, na ukiishika unahisi kazi ya mkono. Hilo halipatikani kwenye nakala iliyomiminwa kwenye kalibu.

Pima bei pia. Reale nane kamili ilikuwa na gramu 25 hivi za fedha tupu. Ukiambiwa nakala yako ni ya fedha yenye uzito huo, na bei iko chini ya thamani ya fedha hiyo sokoni, hiyo imechovywa fedha juu tu.

Kosa moja hunikera sana. Utaona nakala ya duara iliyoandikwa kuwa ni ya msafara wa 1715, nayo ina nguzo mbili na katikati yake dunia mbili chini ya taji. Sarafu hiyo ilianza kupigwa Mexico mwaka 1732! Ni sarafu nzuri, na kwetu ina historia yake: pwani ya Waswahili iliitwa reale ya mzinga, nguzo zake zikifananishwa na mizinga. Ipende, inunue, lakini haikuzama 1715.

Nafasi ya pili naipa sarafu mpya iliyopigwa kwa fedha ya mikuo iliyoopolewa kutoka Nuestra Señora de Atocha. Meli hiyo ilizama 1622 karibu na Florida Keys, na shehena yake kuu ilipatikana na kikosi cha Mel Fisher, mtafuta hazina wa Marekani, mwaka 1985. Madini yamelala baharini kweli, na kwa zawadi ya mtu anayependa historia sijui kinachoizidi. Nimeishusha kwa sababu moja: sonara atakuthibitishia kuwa ni fedha, ila hawezi kukuambia imetoka meli gani. Unalipia cheti. Bila cheti kinachotaja chanzo cha fedha hiyo, usilipe zaidi ya bei ya fedha ya kawaida.

Kwa darasa, chukua ya bati. Ni nafuu, na ikipotea hakuna wa kulia. Yenye ukubwa uleule huwa na gramu 19 hivi, kwa hiyo mkononi ni nyepesi, na ukingoni mara nyingi utaona mstari wa kalibu. Muulize muuzaji kama haina madini ya risasi, hasa ikiwa itashikwa na watoto wadogo.

Za mwisho ni zile za chuma au zinki zilizopakwa rangi ya dhahabu. Ya chuma itanasa kwenye sumaku, na rangi haichelewi kubanduka.

Isiyo na alama yoyote usiiguse, hata iwe nzuri namna gani. Marekani sheria ya 1973 inataka nakala za sarafu zigongwe COPY, na asiyeigonga alama hiyo anamfungulia mlango tapeli atakayeiuza kesho kama ya kale. Wengi humimina nakala hizo kwa kalibu iliyochukuliwa kwenye sarafu halisi, hivyo zinarithi hata nyufa zake. Linganisha picha za muuzaji: sarafu za nyundo hazina pacha, kwa hiyo ukikuta mbili zenye ufa uleule mahali palepale, umepata jibu. Kisha mwombe apige picha ya sarafu yako ikiwa juu ya mizani, na ya ukingo wake. Akikataa, tafuta muuzaji mwingine.