Kipimo cha vinasaba kwa homa zinazojirudia: huduma tuliyoipata Kampala

Mwanangu wa miaka saba hushikwa na homa kali na maumivu ya tumbo kwa siku mbili au tatu, kisha huamka mzima akaomba chapati, na baada ya wiki chache mambo huanza upya. Kwa kuwa mtaani kwetu kila homa huitwa malaria au taifodi, alikwisha kutibiwa yote mawili mara nyingi, hata pale kipimo kilipoonyesha kuwa hana vimelea. Daktari wa watoto ndiye aliyeshuku mojawapo ya magonjwa ya kurithi ambayo kinga ya mwili huwasha homa na uvimbe bila ya kuwapo kijidudu, akatutuma kwenye maabara moja ya binafsi inayopeleka sampuli nje ya nchi.

Upande wa kuchukua damu sina lawama. Muuguzi alikuwa na mkono mwepesi, akanieleza kwa Kiswahili kizuri kwamba hakuna haja ya kungoja homa ipande, kwa sababu jeni alizozaliwa nazo mtoto ni zile zile akiwa mgonjwa au mzima. Bei ilitajwa kwa dola ikalipwa kwa shilingi, kwa kiwango walichojipangia wenyewe. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa dalili, wala haikuuliza asili ya familia, ilhali bibi yake mzaa mama ni Mwarabu wa Yemeni, na homa ya kifamilia ya Mediterania, mojawapo ya magonjwa hayo ya kurithi, huonekana zaidi kwa Waturuki, Waarmenia, Wayahudi na Waarabu.

Majibu yalikuja baada ya wiki saba, na hapo ndipo huduma ilipopwaya. Karatasi ilisema kuwa badiliko liitwalo E148Q limepatikana kwenye nakala moja ya jeni ya MEFV, ile iliyotambuliwa mwaka 1997 kuwa chanzo cha homa hiyo, na kijana wa mapokezi akatutangazia kwamba “ugonjwa umeonekana”. Haukuonekana. Daktari alitueleza kwamba E148Q hupatikana pia kwa watu wengi wenye afya, kwamba wataalamu bado wanabishana juu ya uzito wake, na kwamba kwa kawaida ugonjwa huu huhitaji kasoro kwenye nakala zote mbili, ya baba na ya mama, ingawa wapo wagonjwa waliokutwa na moja tu. Akarudi kwenye daftari letu la tarehe za homa, akaagiza vipimo vya uvimbe huo unaowashwa na kinga ya mwili, wakati wa homa na baada yake, kisha akaanza kumjaribu mtoto kwa kolchisini, dawa ambayo kwa wenye ugonjwa huu hupunguza homa na kuyakinga mafigo.

Ningekilipia tena kipimo hiki, lakini majibu yapokewe na daktari anayejua kuyasoma, si dirishani. Ningeuliza pia mapema ni jeni zipi zitakazosomwa, kwani risiti yetu haikuzitaja, na orodha tuliyoipata baada ya kupiga simu mara tatu ilikuwa na TNFRSF1A na NLRP3 lakini haikuwa na ADA2, ambayo uhusiano wake na magonjwa haya umejulikana tangu mwaka 2014.