NIMELIKATA SWETA KATIKATI KWA MKASI 😱 Pateni ya sweta kuwa kadigani, hela yako isije ikaenda bure

Haya, assalaam aleikum, habari zenu wapenzi, karibuni tena hapa Tanga, mafundi wenzangu wote wa sindano na nyie kaka zangu wawili watatu mnaojificha humu ndani hamwandiki hata komenti moja, nawaona. Leo nina mkasi, nina sweta zima limeshafumwa mpaka shingo, na sitaki mtu akimbie kabla sijafika, kwa hiyo nasema mapema kabisa, nalikata, leo leo, humu humu, katikati ya kifua.

Kitu tunachochambua leo ni hii pateni, yaani maelezo ya kufuma, ya PDF, dola 7, sweta la kuvaa kwa kupitishia kichwani lenye nakshi ya duara mabegani. Jina la aliyeniuzia silitaji maana mbele huko nitamsema. Kwenye tangazo lake kaandika kwa maandishi makubwa kwamba unaweza kuligeuza kadigani, lile sweta la wazi mbele lenye vifungo, na mimi ndicho kilichonitoa hela hicho, sweta la kawaida ninazo pateni tele. Mambo ya saizi, mikono, kuanzia chini kwenda juu, hayo sisemi, mnayajua na picha iko hapo kwenye skrini.

Kwa nini kadigani? Shoga yangu, wewe umevaa mtandio wako umeupiga pini vizuri, halafu uanze kuvuta sweta kichwani, si unaharibu kila kitu? Na wateja wangu wengi ni wa Lushoto, huko Magamba mwezi wa saba hapakaliki bila sweta, sasa mtu kapanda basi hapa Tanga joto linamchemsha, mpaka Mombo bado anajipepea, likishaanza kupanda kona za kwenda Soni ndio anatafuta kitu cha kujifunika. Anataka kitu cha kuvaa na kuvua akiwa kakaa kwenye siti na mtoto mapajani. Sweta la kichwani hapo utampiga mwenzio kiwiko cha jicho.

Twende kwenye utamu sasa. Mpwa wangu sogeza kamera, hapa, karibu zaidi, usiniwekee kivuli.

Mnaona hapa katikati ya kifua kuna kamstari kembamba ka rangi mbili, nyeupe na bluu, nyeupe na bluu? Hivi ni vitanzi 7 vya ziada, havimo kwenye sweta, mafundi wanaita stiki. Wenyewe wa visiwa vya Shetland kule Uskoti na watu wa Norwe wamefanya hivi tangu zamani, wanafuma sweta mduara kama bomba, raundi raundi, upande wa mbele tu unaouona, halafu mwisho wanapasua. Faida yake ni kubwa hasa kwenye nakshi, maana ukifuma kwenda na kurudi nakshi ya rangi mbili ile safari ya kurudi unasoma chati, ile picha ya miraba ya nakshi, kinyume, kushoto kwenda kulia, na rangi unazibeba upande usiouona vizuri, utalia. Mduara huna shida hiyo.

Na kitu kingine ambacho mimi ndio nakipenda kuliko vyote, mwanzo wa raundi unauhamishia hapa hapa katikati ya stiki. Kwa hiyo kila ukibadilisha rangi, ile mikia ya uzi inabaki hapa ndani, na hapa panakatwa, sasa mikia inaenda na maji, huna cha kushindilia na sindano ya macho usiku kucha. Mimi kushindilia mikia ndio kazi naichukia duniani, bora unipe kuosha masufuria ya shughuli.

Haya, kabla ya mkasi ni cherehani. Hii Butterfly yangu ya kukanyaga inatosha, usiniambie huna cherehani ya umeme. Hesabu vitanzi vya stiki, 7, cha 4 ndicho cha katikati, hicho ndicho kitapita mkasi. Kushoto kwake napiga mshono ulionyooka kuanzia chini mpaka shingoni, hatua fupi fupi, halafu narudia mwingine pembeni yake. Kulia hivyo hivyo. Mistari minne jumla. Angalieni kitu kimoja, ule mguu wa cherehani unapenda kunasa vitanzi na kulivuta sweta, linatoka limepinda kama nyoka. Dawa yake natandika karatasi nyembamba juu, nashona juu ya karatasi, nikimaliza nachana karatasi natupa. Mnasikia inavyochanika? Haina gharama hiyo.

Na usilivute sweta unaposhona. Liache liende lenyewe, wewe ongoza tu. Ukilivuta, mbele itakuja kuwa ndefu kuliko nyuma na itapiga mawimbi.

Sasa mkasi. Uwe mkali, na weka kitu ndani ya sweta, mimi naweka hili kava la daftari, usije ukakata na mgongo. Naanzia chini... bismillah... kitanzi cha 4, naona vile vijiti vijiti vya uzi vinavyolala kati ya mshono na mshono, nakata kimoja kimoja, sina haraka. Mpwa acha kupiga kelele, mwanangu. Mnaona? Hakifumuki. Hakiendi kokote. Vitanzi vinafumuka kirahisi kwenda chini, hivi tunavikata kwa ubavu na vimeshabanwa na mshono, viende wapi? Huyooo. Shingoni. Basi. Imefunguka, ni kadigani.

Nyie mnaotumia mkono mtupu bila cherehani, kwa sufu halisi inawezekana, manyoya ya kondoo yana magamba madogo madogo yanashikana, hasa ile sufu kavu inayowasha kidogo. Lakini hapa kwetu tuseme ukweli, ingia maduka ya nyuzi Ngamiani yote, nyingi ni akriliki, uzi wa kiwandani usio wa mnyama wala mmea, laini, inateleza, na pamba nayo ndio hivyo hivyo. Akriliki bila cherehani usikate, nakuombea. Na fuma kwanza kipande cha majaribio ushone ukate, ukiona kimeshika ndio uje kwenye sweta.

Wanaotaka sufu ya bei ya kawaida nendeni kwenye mitumba, tafuteni sweta lenye lebo ya sufu asilimia 100, mfumue. Ila angalia mishono ya ubavuni kwa ndani kabla hujalipa, kama imepigwa ovaloki hilo limekatwa kwenye kitambaa, ukifumua utapata vipande vya uzi vya mstari mmoja mmoja, acha. Unataka lile lililofumwa kwa umbo lake na kuunganishwa kwa uzi pembeni. Nitafanya video yake, mmeniomba sana, itakuja, na tangazo dogo hapo hapo, video sasa zitakuwa zinatoka Ijumaa usiku sio Jumatano, maana Jumatano umeme wa mtaani kwetu tunauelewa wenyewe.

Mpaka hapa nimeifurahia hii pateni, nakiri chati yake ni safi, rangi zinaonekana hata kwa simu ndogo. Sasa nije kwenye ukurasa wa 9, ukurasa uliouzwa, wa kugeuza kadigani. Nawasomea maelezo yake kwa Kiswahili chetu: ongeza vitanzi 7 mbele, kata, okota vitanzi, yaani vuta vitanzi vipya kwenye ukingo, ufume mkanda wa vifungo. Kwisha. Dola 7! Jamani kukata ndio kitu rahisi kuliko vyote, mmeona wenyewe nimekata nikiongea. Kazi iko kwenye hesabu ya mbele, na hesabu hakuiweka.

Sikilizeni. Sweta hili saizi yangu lina vitanzi 200 mwilini, geji yake, yaani kipimo cha ufumaji, ni vitanzi 20 kwa sentimita 10, kwa hiyo mzunguko sentimita 100. Mbele 100, nyuma 100. Nikipasua katikati, kila upande una 50. Halafu naokota mkanda wa vifungo wa sentimita 3 kulia na mwingine kushoto, ukifunga mmoja unalala juu ya mwenzie, kwa hiyo pale mbele nimeongeza upana wa mkanda mmoja, sentimita 3, ambazo ni vitanzi 6. Ulitakiwa uvitoe mwanzo kabisa, 3 kila upande, kila kipande cha mbele kiwe 47. 47 na 47 na mkanda 6, inarudi 100 yako. Ukitaka mkanda mpana wa sentimita 5 unatoa 10, ndio hivyo hivyo tu.

Kuna atakayeniambia sentimita 3 si kitu na kadigani inavaliwa juu ya nguo nyingine. Sawa, unataka nafasi, ongeza ubavuni, au fuma saizi inayofuata, mimi mwenyewe napenda sentimita 5 zaidi. Ila nafasi ukiiacha katikati ya kifua tu, shingo ya mbele inalegea, vifungo vinaning'inia, na mteja anakuambia fundi hii mbona kama ya kuazima.

Na nakshi nayo. Mabegani ukishaunganisha mikono vinakuwa vitanzi 288, nakshi inajirudia kila vitanzi 6. Ukitoa vile 6 unabaki na 282, marudio 47 kamili, mashallah, inakubali. Halafu unaongeza kitanzi 1 ili upande wa kushoto umalizie na kile kile ulichoanzia kulia, pande mbili zitazamane. Yeye kwenye picha yake ya kadigani, hebu kuza picha hiyo mpwa, ona, ua la kulia zima, la kushoto limekatwa sikio. Picha ya kuuzia hiyo!

Mkanda wenyewe haraka haraka maana muda unaenda. Unaokota pembeni ya stiki kwenye mwili wa sweta, usiokote kwenye stiki yenyewe, vitanzi 3 kwa kila mistari 4, ukiokota kila mstari mkanda unajikunja kunja, ukiruka sana unavuta sweta juu. Fuma ribu, ile milia inayovutika kama ya mwisho wa mikono ya sweta. Wanawake matundu ya vifungo kulia, wanaume kushoto. Fuma upande usio na matundu kwanza, pangilia vifungo vyako, weka alama, ndio uende upande wa pili. Tundu ni kuzungusha uzi juu ya sindano halafu kufuma vitanzi viwili pamoja, linatosha kifungo cha milimita 15. Mimi navipenda hivi vya kifuu cha nazi, vyepesi, havivuti mkanda, na watu wa bara wakiviona wanajua kimetoka pwani. Ile stiki iliyokatwa inajilaza ndani, ibane kwa uzi wa kushonea, au funika na utepe, utepe unapendeza zaidi ukiwa wa rangi kali.

Kama sweta lako ni la rangi moja, hamna nakshi, usijisumbue na stiki. Anza tu kufuma kwenda na kurudi na ile ile sindano yako yenye waya, mbele iwe wazi tangu mwanzo. Pima geji upya tu, maana wengi wetu mstari wa kurudi mkono unalegea na sweta linakua.

Je, ununue? Hapa sasa nilikuwa nimeandika ndiyo, ila kadiri ninavyoongea nazidi kukasirika. Kama unataka sweta la kichwani, nunua, ni zuri na limeandikwa vizuri. Kama unaitaka kwa ajili ya kadigani, hapana, ukurasa wa 9 hauna thamani ya hela yako na hesabu nimeshakupa bure. DROPS Design wa Norwe pateni zao zote wanaweka bure kwenye tovuti yao, na mara nyingi utakuta sweta na kadigani yake kila moja imeandikwa kivyake, hesabu wameshapiga. Nakshi zao mimi nyingine haziniingii, mpole mpole sana, ila bure ni bure.

Najua mtaniuliza nauza ngapi. Sweta la kichwani na kadigani bei si moja, kadigani ina mkanda, ina vifungo, ina cherehani, mimi naongeza elfu 15 na mteja asiyetaka namwonyesha sweta za shule za mashine pale dukani, achague. Na anayeuliza zipu badala ya vifungo, inawezekana, zipu mikanda hailaliani kwa hiyo vile vitanzi unavyotoa ni hesabu nyingine, niandikieni komenti zikifika nyingi nitaifanya. Ijumaa usiku nimesema, sio Jumatano. Mpwa zima, chaji inaisha.