Alinifungia faiba, kisha akaniambia chombo changu ni kuni

Jina lake silitaji. Mwenyewe akisoma atajijua, na waliowahi kumpa kazi watamjua kwa lile neno lake la "kuni". Ni fundi wa mashua hapa Mombasa, yuko upande wa bara, bei zake ni za chini na adabu yake iko chini zaidi. Wiki ile mambo yalipotokea, kazi yake hata nyota moja ningeiona nyingi. Leo nimepoa kidogo, ngoja nijaribu kuandika kwa haki.

Mashua ni ya marehemu baba, ya mishipi na nyavu, si ya kutembeza watalii. Mkuku wake, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote, ni mbambakofi na mpaka leo hauna neno. Maradhi yako kwenye mbao za ubavuni, ambazo ni mwembe, na mwembe ukizeeka huanza kulegea penye misumari. Kila kusi ikichachamaa, siku ambazo vyombo vidogo vinalala pwani, tulikuwa tukiipandisha, tunaichoma chini kwa makuti makavu kuua wadudu wanaotoboa mbao, tunatia kalafati mpya, yaani pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, tunaipaka deheni, mafuta ya kukinga mbao, basi, inashuka. Mwaka jana haikutosha. Maji ya ngamani, kule chini ndani ya chombo, yakawa hayaishi. Ukiyafua jioni, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, asubuhi yamerudi. Kuchunguza, mataruma kadhaa, zile mbavu za ndani, yamepasuka, na ubao wa kwanza kando ya mkuku, upande wa tezi, yaani nyuma, ukiuchoma kwa kisu kinazama.

Fundi wa kwanza niliyemwita ni mzee wa kalafati. Aliniambia bila kuzunguka: ubao huo ung'olewe na wa juu yake, mataruma yabadilishwe. Hesabu yake ilinitoa jasho. Mbao siku hizi si mchezo. Tangu ile marufuku ya kukata miti misituni ya mwaka 2018 nilianza kuona bei zikipaa, na sijaziona zikishuka. Mbambakofi usiulize. Mvule usiulize. Umebaki mwembe, nao uliokauka vizuri ni wa kutafuta kwa tochi.

Ndipo kijana mmoja wa pwani akanielekeza kwa huyu bwana. Akaja, akagonga hapa na pale kwa nyundo, akasema kalafati ni mambo ya wazee. Yeye atabadilisha mataruma, kisha chini yote ataifunga faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo kinachogandishwa kwa gundi ya rezini, kutoka mkuku mpaka maji yanapofika, na habari za pamba nizisahau. Shilingi 60,000, vifaa ndani. Ilikuwa chini sana ya hesabu ya mzee. Tukapatana, nikatoa nyingi, salio likabaki 10,000.

Na hapa lazima niseme: kwa mataruma, yule bwana ni fundi. Hakuleta mbao zilizonyooka akazilazimisha kupinda. Alichagua miti ya mikoko iliyopinda kwa maumbile yake, akawa anapima ubavuni, anatoa kidogo kwa tezo, anapima tena, mpaka taruma likalala juu ya mbao bila mwanga kupita katikati. Alitoboa kwa keke kabla ya kupiga msumari, na kila msumari aliuzungushia pamba iliyochovywa mafuta chini ya kichwa. Kazi ya namna hiyo kwa bei ile sikuitarajia. Nikawa natembea ufuoni nikiwaambia watu, nimepata fundi. Ijumaa nikampelekea biriani. Biriani!

Kisha ikaja faiba.

Tuliipandisha kwa maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, kama ilivyo kawaida, maana bila maji hayo huwezi kuifikisha juu mchangani. Omo, yaani mbele, ilikaa vizuri, juani. Tezi ilibaki chini, na maji yakijaa yalikuwa bado yanaifikia. Ukiweka kiganja kwenye zile mbao kinatoka kimeloa. Nikamwambia, fundi, tungoje bamvua ijayo tuisogeze juu zaidi ikauke. Akanijibu, "Mzee, faiba haijali maji. Kwani boti za faiba zinaelea kwenye nini?" Vijana wake wakacheka. Jioni ile ile wakaanza kupaka.

Kwa asiyejua: rezini haishiki mbao yenye maji. Itakauka juu, itang'aa, itapendeza macho, lakini chini haijakamata kitu. Na mbao ya mashua haitulii. Ikinywa maji inavimba, ikikaa juani inanywea, na ndiyo sababu ya kalafati kuwa pale, mbao zikivimba zinaibana pamba na maji hayapiti. Faiba haivimbi wala hainywei. Ukiifunga kwa nje, ndani maji ya ngama na ya mvua yanaendelea kunywewa na mbao. Mbao inasukuma, na ile ngozi ya juu ambayo haikushika tangu mwanzo haina pa kwenda ila kubanduka. Hili analijua hata mtoto anayechota maji ufuoni kwetu, sembuse mtu anayekula kwa kazi hiyo.

Msiniambie nachukia vitu vipya. Kule Lamu wameunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, hiyo Flipflopi, likasafiri mpaka Unguja mwaka 2019, na mimi nilifurahi kama wengine. Lakini lile ni la plastiki tangu mwanzo. Hakuna aliyelibandika juu ya mwembe ulioloa.

Haya. Iliposhuka majini ilikuwa kavu, siongopi. Kavu kabisa, kwa muda. Mwanzoni mwa kaskazi tukatoka usiku na mishipi, nje ya mwamba, mimi na mabaharia wangu wawili. Changu walikuwa wanakula vizuri. Alfajiri ikikaribia nikasikia kitu kinapiga chini ya tezi, pa, pa, pa, kila wimbi likipita. Nikadhani ni kamba. Kuinama na tochi, faiba imeachia kama ganda la mhogo uliochemshwa, pande zima linavutwa na maji, na lilipochomoka lilichomoka na ule ubao uliooza. Hayo hayakuwa maji ya kuvuja tena. Tulifua kwa kidumu kilichokatwa, kwa sufuria ya chai, kwa kofia. Sanduku la barafu na samaki wake wote tukalitupa. Kijana wangu mmoja alikuwa akipiga shahada huku anafua. Kufika mbele ya Fort Jesus mikono haina nguvu, tukaipandisha kwenye mchanga wa kwanza tulioupata.

Simu hakushika. Nikamfuata. Nilimkuta asubuhi anakunywa chai kwa mahamri na mbaazi, vijana wake wamemzunguka. Nikatoa salamu, nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri mtu amalize hamri. Nikamweleza yote, kwa upole, maana nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba nisipandishe sauti. Akafuta mdomo, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mzee, kile si chombo. Ni kuni zinazoelea. Uliniletea kuni, nikakufungia kuni. Sasa unanidai nini?"

Kuni. Mashua iliyotusomesha nyumba nzima. Iliyotulisha na majirani pia, siku za neema.

Fundi ana haki ya kumwambia mtu chombo chake kimechoka. Mzee wa kalafati aliniambia maneno hayo hayo, tena makali zaidi, lakini aliniambia kabla ya kupokea hata shilingi. Huyu aliziona kuni siku alipotakiwa arudie kazi. Alipokuwa akihesabu pesa zangu ilikuwa "mashua nzuri hii mzee, mbao za zamani hizi huzipati tena". Na la kuniuma zaidi, hakuuliza kama kuna mtu aliyeumia. Hata "poleni" hakusema. Mombasa hii, ukijikwaa barabarani unaambiwa pole na mtu asiyekujua, naye alikuwa amekula biriani ya nyumbani kwangu.

Sasa kinachonichanganya. Nimerudi kwa mzee wa kalafati, ndiye anayeishughulikia mashua sasa. Alipoikagua ndani alikaa kimya, akapitisha mkono juu ya yale mataruma, akaniuliza nani aliyatia. Nikamwambia. Akasema bila hayo ubavu ungefunguka wote usiku ule na tusingefika popote. Kwa hiyo aliyetaka kutuzamisha ndiye aliyetufikisha. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, nikaona nimpe chake: mpeni kazi ya mbao, faiba mkataeni, na mwandikishane. Hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu yangu, na ningeiweka hapa nikanyamaza.

Halafu tukaanza kubandua faiba iliyobaki. Ya tezi inatoka kwa mkono, unavuta tu. Ya omo haitoki. Patasi na nyundo mchana kutwa, tunapata vipande vya kucha. Kule omo mbao zilikuwa zimekaa juani, zimekauka, na faiba yake imeshika kweli kweli. Maana yake anajua kuchanganya rezini, anajua kupaka, anajua kila kitu. Kilichokosekana ni wiki mbili za kungoja bamvua nyingine, na hakungoja kwa sababu alikuwa na mteja mwingine pembeni, kijana wake mwenyewe ameniambia. Asiyejua ningemsamehe, wallahi. Huyu alijua, akatupa bahari tukajaribie.

Kwa hiyo msimpe kazi. Ama mkimpa mataruma peke yake, simameni pale pale mpaka aondoke... La. Msimpe.

Salio la 10,000 liko kwangu. Anatuma vijana kulidai. Nimewaambia aje mwenyewe alichukue hapa ufuoni, alipokee mbele ya mabaharia waliokuwa wakifua maji, na awaambie wao kwa mdomo wake kwamba walikuwa wamepanda kuni. Bado hajaja.

Mzee anasema kabla ya kusi kuingia tutakuwa tumemaliza, mbao zikipatikana. Mwenye kujua anayeuza mbao za mwembe zilizokauka sawasawa, ndefu, zisizo na mafundo mengi, aniandikie. Nilizooneshwa juzi zote bado zinatoa maji.