Kitako cha begani cha kamera: uzoefu wangu wa miezi minane, na kwa nini nimeacha kukibeba hadharani

Nilinunua kitako hiki kwa sababu lenzi yangu ya milimita 400 ilikuwa imeanza kunishinda. Mimi ni mpiga picha wa ndege, kazi inayonitaka nikae nimeinua kamera kwa dakika nyingi nikimsubiri mdiria aliyeganda hewani ajitose majini, na kufikia dakika ya tatu mikono huwa inatetemeka kiasi kwamba picha nzuri huharibika wakati ule ule ninapobonyeza. Kifaa chenyewe ni fremu ya alumini nyeusi. Upande wa nyuma una kitako cha mpira kinachoegemea bega, katikati una reli ambayo mguu wa lenzi hukazwa kwa skrubu, na chini yake una mshiko kama wa bastola wenye kifyatuo. Waya mwembamba hutoka kwenye mshiko hadi kwenye tundu la rimoti la kamera. Ukivuta kifyatuo nusu, kamera inatafuta fokasi, na ukikivuta mpaka mwisho shata inafyatuka.

Kwa kazi kilichotengenezewa, sina budi kukisifu. Kanuni ya zamani inasema kwamba unaposhika kamera kwa mkono, kasi ya shata isipungue sekunde moja iliyogawanywa kwa urefu wa fokasi wa lenzi kwa milimita, maana yake kwa lenzi ya milimita 400 usishuke chini ya 1/400 ya sekunde. Kwa kitako hiki nimepata picha kali za ndege waliotua kwa 1/160, na ndege anayeruka namfuata kwa urahisi zaidi kwa sababu kiwiliwili chote ndicho kinachogeuka badala ya viganja peke yake. Kasoro nilizoziona ni ndogo: skrubu ya reli hulegea ukitembea mwendo mrefu, na waya hukwama kwenye vichaka. Ningeishia hapa, huu ungekuwa ushauri wa kununua.

Lakini asubuhi moja katika mwezi wa tano nilikuwa nimepiga goti kando ya bwawa, nguo za rangi ya majani, lenzi imefunikwa kwa kitambaa cha mabaka ili ndege wasishtuke, kitako kikiwa begani na jicho likiwa kwenye kamera. Nyuma yangu kulikuwa na njia ya waenda kwa miguu ambayo sikuwa nikiiangalia. Nilisikia mtoto akilia, nikageuka na kitako kikiwa bado begani, na nikamwona mama amemlaza mwanawe chini nyuma ya tuta na kumfunika kwa mwili wake. Sitausahau uso ule. Nilishusha kamera na kumwita, lakini alikuwa tayari amempigia simu polisi, na mimi katika nafasi yake ningefanya vivyo hivyo.

Walikuja askari wawili. Mmoja alisimama mbali kidogo, mkono ukiwa juu ya bastola kiunoni, akaniamuru niweke chini nilichoshika na nisisogeze mikono. Amri hizo mbili hazikuwezekana kwa pamoja, kwa kuwa kamera ilikuwa imefungwa kwa mkanda shingoni mwangu, na ili niitue ilinipasa kupeleka mkono kifuani kutafuta kifungo cha mkanda. Nilihisi wazi kwamba kutii kwangu kungeonekana kama kuchomoa kitu. Nikabaki nimeinua mikono na kusema kwa sauti, "Ni kamera, imefungwa shingoni." Lugha yetu hutumia kitenzi kimoja, kupiga, kwa picha na kwa risasi, na nashukuru kwamba neno lililonitoka kwanza lilikuwa kamera, wala sikusema kwamba nilikuwa napiga chochote. Yule wa pili alinijia kwa nyuma, akaufungua mkanda mwenyewe, akatazama ndani ya lenzi, na jambo likaisha. Walinitendea kwa haki. Hata hivyo kwa muda ule mfupi uhai wangu ulitegemea utulivu wa mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuogopa.

Umbo hili si geni. Mwaka 1882 Étienne-Jules Marey, Mfaransa aliyechunguza mwendo wa viumbe, alitengeneza bunduki ya picha yenye mtutu na kitako, iliyonasa picha 12 kwa sekunde, ili aweze kuwafuata ndege wakiruka. Kiwanda cha Krasnogorsk katika Umoja wa Kisovieti nacho kiliuza kwa miaka mingi seti za Fotosnaiper, kamera ya Zenit na lenzi ya Tair ya milimita 300 juu ya kitako chenye kifyatuo. Ubunifu huo una mantiki, maana mwili wa binadamu hutulia vizuri katika mkao ule ule, iwe analenga ndege kwa kamera au kwa bunduki. Ila anayekutazama kutoka mbali huona mkao tu.

Baada ya siku ile nilirudi kusoma habari ambazo wengi tuliokaa katika kazi hii tunazifahamu, na kilichonitia hofu ni kwamba waliouawa hawakuwa na vitako wala vifyatuo. Walikuwa na vifaa vya kawaida kabisa. Tarehe 17 Agosti 2003 Mazen Dana, mpiga picha za video wa shirika la habari la Reuters, alipigwa risasi na askari wa Marekani aliyekuwa kwenye kifaru nje ya gereza la Abu Ghraib nchini Iraki, na jeshi likaeleza kwamba kamera yake ilidhaniwa kuwa silaha ya kurushia roketi. Tarehe 12 Julai 2007, mjini Baghdad, Namir Noor-Eldeen wa Reuters alichungulia kwenye kona ya jengo akiwa na lenzi ndefu, na katika video iliyotolewa na WikiLeaks, tovuti inayofichua nyaraka za siri, mwaka 2010, sauti kutoka kwenye helikopta ya jeshi la Marekani inasikika ikisema ana RPG, yaani silaha ya kurushia roketi. Aliuawa pamoja na dereva na msaidizi wake Saeed Chmagh. Tarehe 16 Aprili 2008, huko Gaza, Fadel Shana, wa Reuters pia, aliuawa kwa kombora la kifaru cha Israeli akiwa anarekodi, na jeshi hilo likasema askari wake hawakuweza kutambua kama kilichokuwa juu ya tripodi, kile kigoda cha miguu mitatu cha kamera, ni kamera au silaha. Gari lake lilikuwa na alama za wanahabari.

Tusidhani ni mambo ya vitani tu. Septemba 2017, katika mji mdogo wa New Carlisle, jimbo la Ohio nchini Marekani, mpiga picha wa gazeti la mji huo alikuwa anapanga tripodi usiku ili apige picha za radi, na askari polisi akamfyatulia risasi akidhani ameshika bunduki. Alinusurika. Wawili hao walikuwa wanafahamiana.

Kwa hiyo sasa kitako nakitumia ndani ya kibanda cha kujificha tu, baada ya kuwaarifu wanaosimamia eneo. Popote penye watu natumia monopodi, yaani fimbo ya mguu mmoja ya kuegemezea kamera, ambayo mguu wake ukigusa ardhi humfanya mtazamaji aelewe haraka zaidi. Kitambaa cha mabaka nimekivua, mkanda wa shingoni nimeubadilisha na wa mkono unaoachia mara moja, na sigeuki tena na kamera ikiwa usoni: naishusha kwanza, ndipo nageuka. Ukisafiri kwa ndege, kitako kama hiki kiweke kwenye mzigo unaokabidhiwa, kwa sababu vitu vinavyofanana na silaha huzuiliwa kwenye mizigo ya mkononi.

Nimemwandikia mtengenezaji kwamba katika mwongozo wake mzima, kurasa zote zinazohusu skrubu na waya, hakuna hata sentensi moja inayomtahadharisha mnunuzi kuhusu jinsi atakavyoonekana kwa wengine. Nimependekeza pia mshiko wa bastola uondolewe na nafasi yake ichukuliwe na mpini wa duara wenye kitufe cha juu, kwa sababu rangi angavu pekee haitasaidia: alfajiri na magharibi, saa ambazo ndege wanapatikana, rangi haionekani, linaloonekana ni umbo.